Tafsiri ipi ya Kurani iko kabatini kwako?

Katika nyumba nyingi za Wasuni wa pwani utaikuta tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy (1969). Ya Godfrey Dale (1923) ilitoka kwa mmisionari wa Kianglikana, na ya 1953 ni ya Ahmadiyya, jumuiya inayomwamini mwanzilishi wake, Mirza Ghulam Ahmad wa India, kuwa nabii, basi wengi huzikataa kabla ya kuzifungua. Mimi naona ni hasara: baadhi ya maelezo ya Farsy yanawajibu hao hao, na utalielewaje jibu usipolijua swali?

Anza na Sura ya 33 aya ya 40, kuhusu mwisho wa Mitume, kisha 3:55, kuhusu Nabii Isa. Soma aya kwanza, ndipo ushuke kwenye tanbihi, maana ugomvi mwingi uko huko chini. Angalia namba pia. Ahmadiyya huhesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, hivyo 33:40 kwao ni 33:41, na asiyejua hudhani aya imechezewa. Sura ya 9, isiyo na Bismillahi, haisogei.

Ajabu ni kwamba kanuni za ushairi za Kaluta Amri Abedi (1954), Mwahmadiyya aliyekuja kuwa waziri wa Nyerere, hata Wasuni huzisoma bila kusita.