Kisima Kizima Ndani ya Ndoo Nne: Siku Yangu ya Kukusanya Miamba Malindi

Saa 11 alfajiri

Adhana inanikuta macho. Nikishaswali nateleka chai, natoa mahamri ya jana, nakagua vyombo: ndoo nne, koleo dogo, nyundo, mifuko ya kitambaa na kalamu ya wino usiofutika. Leo mchana nina darasa. Vijana sita wa hapa Malindi wanakuja kujifunza kusoma chenga, yaani vipande vya mwamba vinavyotolewa kisimani, na sipendi kuwafundisha kwa picha.

Chenga ndiyo iliyokuwa riziki yangu kwa miaka tisa kwenye meli za kuchimba visima vya mafuta na gesi. Keekee inapokata mwamba chini ya bahari, tope la kuchimbia linasukumwa ndani ya bomba hadi kwenye meno yake, kisha linapanda kando ya bomba likibeba vipande vilivyokatwa. Huku juu yako machekeche makubwa yanayotikiswa na mtambo. Tope linapita, chenga zinabaki, nami nilikuwa nasimama pale usiku na mchana na kijiko na mfuko. Kila mita kadhaa, mfuko mmoja. Ukifika kina cha mita 3,000, chenga inaweza kuchukua saa nzima au zaidi kupanda. Ile iliyo mkononi mwako si ya pale keekee ilipo sasa, ni ya pale ilipokuwa, na usipopiga hesabu ya safari hiyo vizuri utaupa mwamba kina kisicho chake.

Saa 12 na robo, Sabaki

Dereva wangu, kijana wa Mambrui, anaegesha pikapu karibu na daraja. Tunashuka ukingoni kwa tahadhari, maana viboko wapo. Mto umejaa rangi. Kila mtu wa Malindi anajua mvua zikinyesha bara bahari yetu hugeuka kama chai ya maziwa. Wageni hulalamika. Mimi nikiiona rangi ile naona mwamba unaozaliwa.

Najaza ndoo ya kwanza tope laini la kandokando, kisha naweka chembe yake kati ya meno ya mbele. Dereva ananikazia macho.

"Dada, unakula udongo?"

"Naupima. Ukisaga kama mchanga, una vumbi la mchanga ndani. Ukiteleza kama siagi, ni udongo mfinyanzi mtupu."

Hili la leo linasaga kidogo. Hata melini tulikuwa tunafanya hivyohivyo, chenga ikishaoshwa vizuri.

Watu wakiniuliza nilikuwa nakuta nini chini ya bahari, wanatarajia niseme mafuta. Nilichokuta zaidi ya vyote ni tope lililogeuka mwamba, mamia ya mita kwa mamia ya mita, la kijivu, la kijani, jekundu, jeusi. Mito hulileta, likatua taratibu kwenye maji yaliyotulia, likafukiwa, likabanwa hadi likawa jiwe. Nalo wengi hulipita bila kulitazama, ilhali mafuta mengi yasingekuwepo bila mwamba tope. Lile jeusi, lililozikwa pamoja na mabaki ya viumbe vidogo vya baharini, ndilo mama: likishuka chini sana na kupata joto, nyuzi 60 hadi 120 hivi, mabaki yale huiva yakawa mafuta. Lile lililobanana hadi halipitishi kitu ndilo kifuniko. Mara nyingi mama na mfuniko ni tope, na mimi kwa hilo sitaki ubishi.

Saa 2 kasorobo, Gongoni

Hapa kazi ni fupi. Kwenye mashamba ya chumvi naomba ndoo ya maji mazito na chumvi ya mawe kidogo, wananipa bila maneno. Jua likinywa maji ya bahari, jasi hutangulia kuganda, chumvi hufuata baadaye. Bahari za kale zilizofungiwa zilifanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa mno: baharini Brazili kuna mahali ambapo chumvi ina unene wa zaidi ya mita 2,000, na mafuta yako chini yake. Chumvi ikibanwa hutambaa polepole, yaweza kulibana bomba. Ukiichimba kwa tope la maji yasiyo na chumvi inayeyuka, na shimo linapanuka kama pango.

Saa 4, Marafa

Tunaiacha lami tukielekea bara. Wenyeji huliita korongo hili Nyari, na simulizi yao ni ya familia tajiri iliyooga maziwa ilhali jirani wana shida, ardhi ikawameza. Mimi husimama kwanza kimya kila nifikapo. Mvua imeuchonga mchanga ule wa zamani ukawa minara na kuta, nyeupe, waridi, njano, nyekundu, na ukitazama ukuta mmoja kwa utulivu unaona tabaka juu ya tabaka. Kisima hukupa chenga za kujaza kiganja, wewe ndiye unayerudisha ukuta kichwani.

Mzee mmoja anayetembeza wageni ananifahamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi na ndoo zako. Haya, leo nionyeshe hayo mafuta hukaa wapi, maana miaka yote nadhani ni ziwa."

Naokota bonge lililoanguka lenyewe chini ya ukuta, kubwa kama embe. Namimina juu yake maji ya chupa. Hayatiririki. Jiwe linayanywa, doa linakolea na kuenea, nusu chupa imeingia na chini pakavu. Mzee anachuchumaa, analipapasa, anasogeza jiwe sikioni.

"Linakunywa kama mtoto."

Hivyo ndivyo mafuta yanavyokaa. Hakuna ziwa. Yako kati ya punje na punje, na mwamba wa mchanga ukiwa na punje za mviringo zinazolingana ukubwa, zisizozibwa na udongo wala chokaa, hubeba zaidi. Ndiyo maana chini ya hadubini hatuandiki tu "mchanga". Tunaandika rangi, ukubwa wa punje, pembe zake, kinachozishika na kama kuna nafasi. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa-1, katika bonde hili letu la Lamu baharini, kilikuta gesi kwenye mwamba wa mchanga. Pomboo-1 mwaka 2007 kilikuwa kikavu. Neno hilo, kikavu, huniuma. Kisima kikavu kimejaa miamba, na kila mfuko wa chenga zake unamwambia anayefuata mahali pa kutafuta na pa kuacha.

Saa 7 mchana, mjini

Ndoo ya nne haina safari. Nyumba ya zamani mtaani inavunjwa na fundi amenitengea kipande cha jiwe la matumbawe, mishipa yake bado inaonekana kama sega la nyuki. Haya ndiyo mawe yaliyojenga mji wa kale wa Gede na miji mingine ya kale ya pwani yetu. Nalo ni mwamba wa hifadhi vilevile, yaani unaobeba mafuta au gesi ndani yake: mwaka 2014, kusini zaidi katika bahari ya Kenya, kisima cha Sunbird-1 kiliingia kwenye mwamba wa matumbawe wa kale uliofukiwa mamilioni ya miaka, kikakuta gesi na mafuta. Sikuwa kwenye meli ile. Niliposikia habari nilitoka nje nikagusa ukuta wa nyumba ya bibi yangu.

Wali wa nazi, samaki, nusu saa ya kunyoosha mgongo.

Saa 8 hadi 11, darasani

Nimeponda vipande, nimechanganya, nimegawa kwenye sinia sita. Vijana wanaosha kwa chujio, maji yanakuwa kama mchuzi, wanaosha tena. Nawaonya wasioshe kupita kiasi, kwa kuwa udongo laini hukimbia na maji, ukaja kuandika kwamba kisima ni mchanga mtupu kumbe tope umelimwaga mwenyewe.

Tunaweka madonge mawili ya tope kavu la Sabaki ndani ya glasi. Moja ina maji ya bomba, nyingine maji mazito ya Gongoni. Dakika chache, la kwanza limevimba na kumeguka, limelala chini kama uji. La pili bado lina kingo zake. Sihitaji tena kueleza kwa nini tope la kuchimbia hutiwa chumvi kunapochimbwa mwamba tope: ukuta wa shimo nao ungemeguka vile na kuibana keekee.

Kisha asidi, tone moja la haidrokloriki iliyozimuliwa hadi asilimia 10. Matumbawe yanachemka papo hapo, fuu! Mchanga kimya. Tope kimya, kwa hili la leo.

Lakini ndani ya sinia zote nimetia kitu cha tano bila kuwaambia. Mwaka wangu wa kwanza melini, baada ya bomba la kukinga shimo kusimikwa na kutiwa saruji, niliona chenga za kijivu zinazochemka kwa asidi, nikaandika "chokaa" kwa mita tisa nzima. Mkuu wa zamu alikuja na kichupa kidogo, akadondosha tone, chenga zikageuka waridi iliyokoza. Ilikuwa saruji yetu wenyewe. Hakunifokea. Alinipa kalamu nifute kwa mkono wangu, na mkono ulitetemeka.

Watano wanaandika chokaa. Binti mmoja, mdogo kuliko wote, ameacha mstari mtupu, amechora tu duara.

"Shangazi, hii inachemka kama chokaa lakini haina sura ya matumbawe. Punje zake ni kama za ukuta wa choo chetu kipya."

Nampa kichupa cha fenolftaleini, dawa ileile ya mkuu wa zamu. Tone linaanguka, waridi inaenea kwenye sinia, wengine wanainuka vitini. Namwambia aandike jina lake mwenyewe juu ya mfuko, pamoja na saa na ndoo, kama inavyoandikwa melini. Meli zikija hapa, vijana wetu huitwa kupika na kufua. Nataka siku moja waitwe kusimama kwenye chekeche.

Saa 12 jioni

Wanaosha vyombo. Maji ya tope namwaga kwenye mgomba. Binti ameomba kupewa tope la Sabaki lililobaki, anataka kulikausha juu ya bati usiku kucha na kulijaribu kesho kwa maji ya kisima cha kwao, ambayo anasema yana chumvi. Nimemfungia kwenye mfuko wa kitambaa, na ndoo nimemwazima.