Swali la ngozi: nilivyoliandika onyesho la mahakamani

Waandishi wenzangu hapa Dodoma huniuliza nilifanyaje onyesho la mahakamani la tamthilia yangu likawabana watu mpaka mwisho, wakati hakuna wakili wala mtu anayepiga meza. Jibu langu huwa fupi: nendeni mkakae Mahakama ya Mwanzo.

Shauri likisikilizwa mlango uko wazi. Zima simu, kaa benchi la nyuma, usikilize. Mahakama za juu zilingoja marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 ndipo Kiswahili kikawa lugha yao, ila huku chini mashauri yameendeshwa kwa Kiswahili miaka yote, kwa hiyo mazungumzo unayachota yakiwa mabichi.

Nilichotoka nacho pale ni kalamu ya hakimu. Alikuwa anaandika ushahidi kwa mkono. Jibu likitoka nusu, anainua kiganja: "Subiri, naandika." Chumba kizima kinabaki na ile nusu. Shahidi anapata nafasi ya kujifikiria upya, mpinzani wake anapata nafasi ya kumkazia macho.

Nikatunga shauri la ndugu wawili. Kaka alimwachia mdogo wake ng'ombe amtunzie, akaenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Karudi, jike mmoja hayupo. Mdogo anasema alikufa kiangazi. Sawa, lakini ng'ombe wa kutunziwa akifa, mwenyewe huletewa ngozi iwe uthibitisho. Watazamaji wanajua tangu onyesho la kwanza kwamba yule jike aliuzwa mnadani Msalato kulipia matibabu ya mama yao, na mama akamwapisha kijana asimwambie kaka yake. Siri niliitoa mapema kwa makusudi. Asiyejua kitu anangoja tu kuambiwa. Anayejua anakaa roho juu akiomba swali lisiulizwe.

Mama nilimweka ndani, benchi la mwisho. Niliweza kwa sababu hakutajwa kuwa shahidi; angetajwa, angesubiri nje mpaka aitwe. Kijana akiinua macho tu, anakutana naye.

Na kwa kuwa hakuna mawakili, ndugu wanaulizana wenyewe, hakimu akiwakatiza:

"Ngozi ya ng'ombe wangu iko wapi?"
"Kaka, wewe si unanijua..."
"Hapa hakuna kaka. Huyu ni mdai. Jibu swali."
"Mdai... ngozi ilikuwa..."
"Subiri. 'Ngozi ilikuwa.' Haya, endelea."

Kabla ya hapo, uani, mdogo alishampa shikamoo kaka yake na haikuitikiwa. Kwa hiyo lile "mdai" linamtoka kwa shida, na mwigizaji hahitaji kulia wala kutetemeka. Mwongozaji alitaka ngoma ipigwe taratibu wakati hakimu anaandika. Nilikataa. Ngoma za Wagogo nazipenda sana, ila pale zingemwambia mtazamaji ahisi nini. Badala yake nilisisitiza mwigizaji wa hakimu aandike kweli, neno kwa neno, maana akichorachora tu anamaliza mapema na mwenzake anajibu kabla watu hawajaumia.

Namna ya kulifungua fundo niliisoma kwenye Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969. Shylock, mkopeshaji anayedai nyama ya mwili wa mdeni wake, kisu keshakinoa, sheria inamruhusu, ndipo Portia, aliyejifanya mwanasheria, anaurudia mkataba uleule: nyama chukua, lakini damu haikuandikwa. Nafuu inatoka kwenye karatasi ambayo imekuwa mezani muda wote. Shahidi wa ghafla anayeingia akihema mlangoni mimi simwamini hata kidogo. Huyo kaitwa na mwandishi.

Basi kwangu karatasi ni daftari la mifugo. Kaka mwenyewe kalileta kama kielelezo, kuthibitisha idadi ya ng'ombe aliowaacha, na hakimu amelipokea mapema bila mbwembwe. Sasa, kijana akiwa bado amekwama kwenye "ilikuwa", hakimu anafunua ukurasa wa mwisho na kuuliza: "Huu mstari kaandika nani?" Ni mwandiko wa mama. Kaka anautambua kabla ya kuusoma.

Mama anasimama. Hakimu anamwambia akae, hajaitwa.

Hukumu yenyewe niliipa sentensi mbili tu. Mama akishasimama, nani tena anasikiliza habari za gharama za shauri?