Saa nane za usiku

Wiki hii nimemaliza washiriki watano, wote kwa simu. Mimi niko Kisauni, wao Likoni, Changamwe na Majengo. Tunajaribu programu ya kuwakumbusha watu dawa za presha. Nilidhani kutopanda feri ni raha, kumbe nimekosa kuona nyuso. Mtu akinyamaza sijui anafikiri, amekasirika au bando limekwisha. (Mara mbili lilikuwa bando, na tulikuwa tumewatumia.)

Bi mmoja wa Likoni nilimwomba aseme kwa sauti kila kinachompitia akilini huku akibonyeza. Akacheka. "Mwanangu, nizungumze peke yangu kama mwendawazimu?" Basi nikabaki kuitazama skrini yake, iliyokuwa ikionekana kwangu kwa mtandao: anabonyeza, anasita, anarudi alikotoka. Mwisho nikamsomea kauli 10 za SUS, kipimo cha urahisi wa kutumia programu alichokitunga John Brooke mwaka 1986. Zote akajibu "nakubali kabisa." Sasa kauli zile zimepishana, moja ya kusifu, inayofuata ya kulaumu, kwa hiyo anayezikubali zote hupata alama 50 katika 100, si zaidi si pungufu. Yaani amekubali kwamba programu ni rahisi, na papo hapo amekubali kwamba ina utata usio na haja. Mgeni hakataliwi neno, hata akiwa mgeni wa simuni.

Asubuhi yake nikakuta ujumbe wa sauti.

"Mwanangu, hiki chako kimetuamsha nyumba nzima saa nane za usiku! Nani anywaye dawa saa nane?"

Alikuwa ameandika 2:00. Saa mbili za usiku, akishaswali Isha, ndiyo saa yake ya dawa. Programu ikasoma 02:00. Tulitafsiri kila kitu, hadi "Hifadhi" na "Ghairi", saa tukaiacha ya Kizungu. Na mimi nilikuwepo, namwona akiiandika 2:00 ile, nikaipita. Nimezoea mno kutoa sita na kujumlisha sita kichwani, hata sikumbuki kwamba ni hesabu. Nimeirudia rekodi mara tatu. Kabla ya kubonyeza alisita kama sekunde nne, nami kwenye daftari nimeandika: "mtandao."

Jioni nimempigia kumtaka radhi. Mjukuu wake ameshaifuta programu.

"Lakini ni nzuri," akaniambia. "Nzuri sana."