Diocletian alimega majimbo yakakaa, akapanga bei ikamshinda

Diocletian alipoushika utawala wa Roma mwaka 284 alikuta majimbo kama 50. Alipong'atuka mwaka 305 yalikaribia 100. Watu wa kusini tunajua kumega, Lindi yenyewe ilitoka Mtwara mwaka 1971. Yeye alisukumwa na hofu. Kwa miaka 50 kabla yake, jemadari yeyote mwenye askari na hazina mkononi aliweza kujitangaza kaisari, na wengi walijitangaza. Akapunguza majimbo ukubwa, mahali pengi akatenga jeshi na utawala wa raia, kisha akayafunga majimbo katika mafungu 12 yaliyoitwa dayosisi. Mwaka 293 watawala wakawa wanne.

Kwa maoni yangu, kodi ndiyo kazi yake bora. Shamba halikupimwa kwa ukubwa tu. Kule Siria, ekari 3 hivi za mizabibu zilihesabiwa sawa na ekari 12 na nusu za ardhi nzuri ya nafaka, au mizeituni mikongwe 225. Ya milimani ilitakiwa 450 ndipo itozwe kodi ileile. Mwenye mikorosho ataelewa mara moja.

Bei ndiyo iliyomtoa jasho. Septemba 301 thamani ya sarafu iliongezwa maradufu kwa amri tu. Kabla mwaka haujaisha ikatoka orodha ya bidhaa na kazi zaidi ya 1,000, kila moja na kikomo chake: ngano dinari 100 kwa kipimo cha jeshi, kibarua wa shamba dinari 25 kwa siku na chakula juu. Kuzidisha bei au kuficha mzigo, adhabu ni kifo.

Kosa lilikuwa kwenye nauli. Kikomo kilikuwa kimoja kwa dola nzima, na orodha hiyohiyo iliweka nauli ya meli kutoka Alexandria hadi Roma dinari 16 kwa kipimo. Nunua kwa 100, lipa 16, uza kwa 100: nani apakie? Aliyewahi kuona makato ya kusafirisha korosho kutoka Tandahimba hadi bandarini hahitaji kuelezwa zaidi. Bidhaa zikatoweka sokoni, bei ikapaa, damu ikamwagika kwa vitu vya senti, mwisho amri ikaachwa. (Kangomba wa huku, yaani mlanguzi wa korosho, hununua chini ya bei, wachuuzi wa Roma waliuza juu yake, uchochoro ni uleule.)

Mgawanyo wa majimbo ukabaki. Tena mtu huyohuyo aliyeamuru makanisa yabomolewe mwaka 303 ndiye ambaye mpango wake uliliachia Kanisa neno dayosisi, lile ambalo Waanglikana wa Masasi wanalitumia hadi leo.