Gambuti Juani

Ijumaa jioni, Novemba

Kesho ni tamasha la muziki uwanjani, hapa Nairobi. Jua limewaka tangu asubuhi, halafu mchana upande wa Ngong pakaanza kujaa mawingu. Binti wa dada yangu, ambaye hajawahi kusikiliza muziki uwanjani usiku, alinikuta nimepanga gambuti mbili mlangoni. "Anko, na jua hili lote?"

Nikamwambia azijaribu kwanza kama zinamtosha.

Sijiulizi tena kama itanyesha. Najiuliza, ikinyesha, tutarudi nyumbani vipi. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, wale wa Dagoretti Corner, nausoma na kuuheshimu. Wakisema mvua ya hapa na pale, ndivyo vuli ilivyo. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, upepo hutuletea unyevu kutoka Bahari ya Hindi, jua la asubuhi likaipasha ardhi moto, hewa ikapanda, na kufikia alasiri wingu limeshiba. Litamwagia wapi? Westlands watu wanakimbilia vibarazani huku South B vumbi linatimka. Sioni haki kumlaumu mtabiri kwa wingu lililoamua kutua juu ya jukwaa letu.

Ardhi, hata hivyo, naijua. Kusini na mashariki mwa jiji, kuelekea Embakasi na nyanda za Athi, ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza kidole. Ukilowa huvimba, hauyanywi maji upesi, na hung'ang'ania kiatu hadi mguu uwe mzito kama jiwe. Watu elfu kadhaa wakiuchezea kwa saa mbili, nyasi zinakwisha na raba nyeupe zinabaki humo. Ndiyo maana ya gambuti. Ndiyo maana pia nimemwomba mwenye teksi atungoje kwenye lami, asiingie maegesho ya nyasini, maana gari likizama huko halitoki kabla ya kukucha.

Mwavuli tunauacha. Malango mengi huuzuia, na hata pasipozuiwa, unamziba aliye nyuma yako, naye amelipa kama wewe. Koti la mvua linatosha. Chini yake sweta, na ndani ya begi leso kavu na soksi za kubadili. Mgeni hudhani karibu na ikweta hakuna baridi, lakini jiji hili liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na jua likishazama, aliyelowa hutetemeka.

Simu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu M-Pesa ndiyo pochi. Ikizima, huna nauli wala huna wa kumpigia. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Agosti 2017, na naunga mkono kabisa, kwa hiyo nimehifadhi mfuko wa mkate wa kutilia simu, nikaufuta makombo. Noti chache nimempa azitie mfukoni kwa ndani. Matone yakianza tu, nauli ya matatu hupanda, hilo kila mtu wa Nairobi analijua.

Kisha tukazungumzia radi, na hapo sikutaka kicheko. Ukiona mwanga, hesabu hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Sekunde zikipungua chini ya thelathini, tunauacha uwanja wazi, wimbo wowote uwe unapigwa. Si chini ya mti, si chini ya hema la vyuma. Ndani ya jengo au ndani ya gari. Tukipotezana, tukutane lango kuu. Na maji yakiwa yanakimbia barabarani, hatuvuki, hata yakionekana ya kifundo. Mafuriko ya Aprili 2024 yalichukua watu wa jiji hili, wengine wakiwa njiani tu kurudi makwao. Alinyamaza kidogo, akaitikia, "Sawa, Anko."

Baadaye nilimsikia akimweleza rafiki yake kwa simu asimame upande wenye mwinuko, maji yasimkute miguuni.

Mafundi wa sauti watakuwa na maturubai yao karibu na spika, na mimi huwaombea hao kuliko yeyote, maana wao hawana pa kukimbilia. Bendi ninayoisubiri inapanda saa mbili usiku, saa ambayo mvua ya vuli huipenda sana. Nataka kuisikia yote, hadi wimbo wa mwisho.