Pengo la Meno ya Farasi

Miaka kadhaa iliyopita, ufukweni Mombasa, mtunza farasi mmoja alimfunua mnyama wake midomo ili anionyeshe pengo lililopo baina ya meno ya mbele na magego. Hapo pasipo na jino ndipo chuma cha lijamu hukaa. Farasi alitulia tuli, sikio moja limemgeukia bwana wake, nami nikajiuliza ni nani aliyethubutu kwanza kutia mkono humo, na alikuwa akitafuta nini.

Tumezoea kumwaza shujaa aliyemrukia farasi mwitu mgongoni. Lakini ushahidi wa Botai, makazi ya kale ya wafuga farasi kaskazini mwa Kazakhstan, unaanzia kwenye njaa. Wakazi wake wa yapata miaka 5,500 iliyopita walikula nyama ya farasi kwa wingi, na katika vigae vya vyungu vyao wataalamu walikuta mabaki ya mafuta wanayoyahusisha na maziwa ya farasi. Kumkamua mnyama awezaye kukuvunja mbavu kwa teke moja kunataka subira ya kila siku, jambo ambalo halitungiwi tenzi.

Hata hivyo, uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba farasi wa leo hawakutokana na wale wa Botai. Wazee wa farasi wetu walitoka nyika za mito Volga na Don, huko Urusi, na kuanzia yapata mwaka 2200 K.K. uzao wao ulienea upesi mno. Mwaka 2021 watafiti walieleza kwamba ukoo huo ulibeba mabadiliko katika vinasaba viwili, kimoja kikihusishwa na uimara wa mgongo, kingine na utulivu wa tabia. Kwa maneno mengine, aliyevumilia mzigo na asiyeshtuka ovyo ndiye aliyepewa nafasi ya kuzaa; mkorofi, nadhani, aliishia chunguni. Hapo ndipo ninapomwona binadamu alivyo: humteua anayekubali, kisha hujisifu kwamba ameshinda.

Sifa hiyo imeingia hata katika lugha yetu. Mbung'o, kwa ugonjwa wanaoueneza, waliwazuia farasi kustawi sehemu kubwa ya bara la Afrika, lakini kila anayetwaa madaraka husemwa kuwa ameshika hatamu, yaani kamba ya kumwongozea farasi, na wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuigusa.

Yule mtunzaji alipoisogeza lijamu, farasi alifungua mdomo mwenyewe. Nilimuuliza ilimchukua muda gani kumfundisha. Akanijibu kwamba hakumfundisha. Alimnunua akiwa hivyo hivyo.