Tumbo la mwanangu: kumbe shida ilikuwa mashine ya kusaga

Jamani niwape hii maana imenitesa miezi. Binti yangu ana miaka 6, dokta alishasema ana seliaki, yaani gluteni, ile protini ya kwenye ngano na jamaa zake, inamuumiza utumbo, kwa hiyo ngano, shayiri na rai hagusi kabisa. Chapati, maandazi, mkate, tambi vyote nikafuta, tukabaki na wali, viazi, ndizi, ugali wa mahindi, sato na dagaa. Sasa mbona tumbo bado linajaa na kuharisha kila wiki? Nikaanza kumshuku bibi yake (samahani mama) kwamba anampa andazi kwa siri.

Siku moja niko mashineni hapa Igoma, Mwanza, nasubiri zamu, mbele yangu dada kaleta ndoo ya mchanganyiko wa uji wa lishe, mahindi, soya, karanga na NGANO, ikasagwa, halafu kijana akamwaga mahindi yangu papo hapo, hata kile kitambaa cha mdomoni mwa mashine hakukung'uta, unga wa kwanza ukatoka na rangi ya kahawia. Nikasema hee, kumbe ndo hivi!

Nikanunua kinu na chekeche, natwanga udaga (muhogo mkavu) mwenyewe nyumbani, mikono imeota sugu lakini poa tu. Samaki nakaanga kwa mafuta ya peke yake, yale yaliyokaangia maandazi ya biashara siyagusi. Wiki ya tatu kuharisha kukakata, juzi kamaliza ugali wa muhogo na furu (visamaki vya ziwani) akaomba nyongeza.